Wakili wa Kampuni Si Wakili Wako

Arlene Stidham alikuwa mhudumu wa gari la wagonjwa katika milima ya mashariki ya Kentucky. Aliianza kazi hiyo akiwa msichana, na sasa mvi zilikuwa zimemtoka. Watu wa mabonde yote ya kule walimjua. Alishawatoa wachimba makaa chini ya vifusi. Alishawazalisha wanawake ndani ya gari linalokwenda mbio.

Mumewe, Dewey, alifanya kazi mgodini hadi vumbi la makaa likamharibu mapafu. Sasa alishinda nyumbani, akipika na kukohoa.

Alasiri moja ya baridi kali Dewey alimfungia mkewe mkate wa mahindi na nyama ya nguruwe kwa ajili ya zamu.

“Usimpe Denny,” alisema. “Yule kijana anakula kama katoka jela.”

“Maskini, hela yake yote inaishia kwenye bima.”

Denny Slone alikuwa mwenzake Arlene ndani ya gari. Alikuwa amejikatia bima yake mwenyewe, ile ya kumlinda mhudumu akishtakiwa kwa kosa la kazini. Arlene hakuacha kumtania. Kampuni yao ya magari ya wagonjwa ina bima, naye anakata nyingine. Je, huwa anavaa suruali mbili?

Jioni hiyo waliitwa kwa mzee Virgil Fugate. Mzee aliteleza kwenye barafu mlangoni mwake, akajigonga kichwa. Jirani ndiye aliyepiga simu. Walimkuta kwenye kiti chake, taulo kichwani, televisheni ikiunguruma.

“King'ora chote hicho kwa ajili ya nundu?” aliuliza mzee.

“Mzee Fugate, kichwa hakichezewi,” alisema Arlene. “Twende hospitali wakakupige picha.”

“Picha za harusi zinanitosha.”

“Unatumia dawa gani?”

“Ya moyo. Ile ya kuzuia damu isigande.”

“Ndiyo maana nataka twende. Damu ikivuja ndani ya kichwa, kwa dawa hiyo haitasimama. Unaweza kufa.”

“Binti, mke wangu alikwenda hospitali ile na kikohozi, akarudi ndani ya sanduku. Mimi siendi.”

Arlene alimbembeleza tena na tena. Mzee alikuwa na akili zake timamu, na mtu mzima mwenye akili timamu habebwi kwa nguvu. Mwishowe alitia saini kwamba amekataa.

Kampuni ilikuwa na kanuni. Mgonjwa wa namna hiyo akikataa, mhudumu ampigie daktari wa hospitali kwanza, daktari azungumze naye. Arlene alijaribu redio. Bondeni mle ilikoroma tu. Simu yake nayo haikushika mtandao.

“Tuombe simu yake ya mezani?” aliuliza Denny.

Arlene alikuwa amechoka, na mzee alikuwa akicheka na televisheni.

“Ameshakataa. Daktari atamwambia nini kipya?”

Wakaondoka. Kwenye ripoti Arlene aliandika kwa kifupi kwamba mgonjwa amekataa kwenda. Hakuandika kwamba alimweleza hatari ya kufa.

Asubuhi yake jirani alimkuta mzee Fugate amekufa kitini.

Binti yake, Maxine, alifungua kesi. Aliishtaki kampuni, akamshtaki Arlene, akamshtaki Denny. Na bodi ya serikali inayotoa leseni ikawaita wote wawili wajieleze.

“Usiwe na wasiwasi,” meneja alimwambia Arlene. “Tuko pamoja.”

Wiki hiyohiyo wakili wa kampuni alimketisha ofisini. Alikuwa mtu mpole.

“Kanuni ya kumpigia daktari uliijua?”

“Niliijua.”

“Na simu ya mezani ilikuwepo?”

“Ilikuwepo.”

Wakili alifunika kalamu yake. “Basi kampuni itasema kwamba wewe ulikiuka kanuni yake.”

Arlene alimtazama. “Si wewe ndiye wakili wangu?”

“Mimi ni wakili wa kampuni, Bi Stidham. Kampuni ikiwa upande mmoja na wewe, nawatetea wote. Kwenye jambo hili hampo upande mmoja. Tafuta wako. Na kule kwenye bodi ya leseni, bima ya kampuni haikufikii kabisa.”

Arlene aliendesha gari hadi nyumbani bila kuwasha redio.

Jirani yao, Wilma Maggard, alikuwa muuguzi mstaafu aliyewafundisha wahudumu wa dharura. Alikuja na sufuria ya maharage, akakaa nao mezani.

“Nieleze kama mtoto,” Arlene alimwambia. “Bima ya kampuni ni ya nani?”

“Kwanza ni ya kampuni. Wewe unafunikwa kwa sababu unaifanyia kazi. Mara nyingi inatosha. Lakini siku kampuni ikiona afadhali lawama ikuangukie wewe, unabaki peke yako. Bima yako mwenyewe inakupa wakili anayekutetea wewe.”

Dewey alikohoa, kisha akasema, “Mgodini tulikuwa tukisikia kwamba mwenye bima ndiye anayeshtakiwa zaidi. Watu wananusa hela.”

“Wapo wanaosema hivyo, hata mawakili,” alijibu Wilma. “Sitabishana nao. Lakini Dewey, huyu hapa hakuwa na bima. Hawakumshtaki?”

Dewey alijipakulia maharage.

“Basi nikate leo,” alisema Arlene.

“Kata, lakini kwa ya mbele. Ya mzee Fugate yameshatokea, hakuna kampuni ya bima itakayoyachukua. Na siku ukikata, uliza vizuri. Uliza kama italipa wakili wa kwenye bodi ya leseni. Uliza kama inakulinda ukimsaidia mtu barabarani nje ya zamu. Uliza kama itakusimamia mtu akikushtaki baada ya wewe kuacha kazi. Tena usidhani inafunika kila kitu. Ukifanya jambo kwa makusudi, au ukifanya kazi isiyo ya leseni yako, watu wa bima hawakujui.”

Siku chache kabla ya kikao cha bodi, Denny alikuja. Hakuingia ndani. Alisimama uani, mikono mfukoni.

“Wakili wangu amenikataza kuzungumza nawe habari za kesi,” alisema. “Lakini nisingeweza kunyamaza tu. Wakiniuliza, nitasema nilitaja simu ya mezani.”

Arlene aliangalia chini. “Sema. Ulitaja kweli.”

“Samahani, dada.”

“Usiniombe radhi kwa kusema kweli, Denny. Nenda nyumbani, kuna baridi.”

Kwenye kikao Denny aliketi na wakili wake. Arlene hakuwa na uwezo wa kumlipa wakili. Aliketi peke yake, na viti vya pande zake zote mbili vilikuwa vitupu.

“Ulimweleza mgonjwa kwamba anaweza kufa?” waliuliza wajumbe.

“Nilimweleza.”

“Mbona hukuandika?”

“Sijui. Nilichoka.”

Wakayaandika majibu yake hivyohivyo. Denny alikuwa pale pale, na yale maneno aliyasikia kwa masikio yake. Lakini hakuna aliyemuuliza. Wakili wake alikuwa na kazi ya kumtetea Denny. Arlene alikuwa na haki ya kumuuliza shahidi. Hakuijua haki hiyo hadi Wilma alipomwambia, kikao kikiwa kimeshakwisha.

Denny alipewa onyo. Arlene alisimamishwa leseni mwaka mzima. Kampuni ilimlipa Maxine, kesi ya wote ikafutwa, kisha ikamfukuza Arlene kazi.

Mwaka ule alipanga makopo kwenye rafu za duka la vyakula. Watu waliomjua walipita njia nyingine kati ya rafu ili wasisalimiane naye. Alipungua mwili. Wakati mwingine Dewey alimkuta ameketi garini nje ya nyumba, injini imezimwa, hataki kuingia. Alifungua mlango wa pili akaketi naye.

Leseni iliporudi, Arlene alipata kazi kwenye wilaya ya jirani. Kabla ya zamu ya kwanza alikata bima yake mwenyewe, na kila swali la Wilma aliliuliza. Ripoti zake sasa zilikuwa ndefu. Aliandika kila alilosema na kila alilojibiwa.

Haikupita muda, mtu mmoja akamlalamikia kwenye bodi kwamba alimtegua bega wakati wa kumbeba. Safari hii wakili aliketi kando yake. Alisoma ripoti kwa sauti. Alimuuliza mwenzake Arlene alichokiona kwa macho yake. Alionyesha kwamba bega lilishateguka kabla gari halijafika. Bodi ikafunga shauri.

Nje, wakili alimpa mkono. Arlene hakuuachia.

“Kuna mtu nataka kumwomba radhi,” alisema. “Wakati wa kesi kampuni ilinikataza. Sasa naweza?”

Wakili alisikiliza habari yote. “Ile imekwisha,” alisema. “Nenda.”

Maxine Fugate alifungua mlango nusu.

“Nilipaswa kumpigia daktari,” alisema Arlene. “Simu ilikuwepo. Sikupiga. Nisamehe.”

Maxine aliushika ukingo wa mlango. “Ungenipigia mimi,” alisema. “Baba hakuwasikiliza madaktari. Mimi alikuwa ananisikiliza.”

Kisha akafunga mlango, taratibu.

Majira ya kuchipua Arlene aliitwa kwa bibi mmoja aliyeanguka jikoni. Bibi alitumia dawa za kuzuia damu isigande, na alikataa katakata kuondoka. Arlene alimpigia daktari kwa simu ya bibi mwenyewe. Bibi akamkatalia hata daktari. Arlene akaketi sakafuni karibu naye.

“Una mtoto?”

“Nina mmoja. Ana kazi zake. Usimsumbue.”

“Nipe namba, mama. Nitamsumbua mimi.”

Mtoto alizungumza na mama yake muda mrefu. Bibi alimrudishia Arlene simu akiwa amenuna.

“Amesema asiponikuta hospitali haji Pasaka,” alisema. “Haya, nibebeni. Na nani atazima jiko?”

Arlene alizima jiko, wakambeba.