Mazoezi ya Kufiwa

Jumamosi asubuhi Mzoeshaji alikufa tena, palepale sebuleni, mbele ya mtoto. Alikohoa, akashika kifua, akajilaza kwenye kochi na kutulia. Kabula, binti wa miaka minane, alimfunika khanga, kisha akaenda kumpigia simu shangazi yake. Hakutoa hata chozi.

Mzoeshaji ni roboti anayevaa sura na sauti ya mzazi mgonjwa. Katika Dodoma ya wakati huo, yenye treni zinazopita juu ya mapaa, kila hospitali kubwa ilikuwa naye. Humzoesha mtoto kidogo kidogo, humwacha aulize, alie, akasirike, ili siku yenyewe isimkute hana pa kushika. Aliyembuni ni Mhandisi Nyamizi, mama yake Kabula. Sasa mapafu ya Nyamizi mwenyewe yalikuwa yamekwisha, kwa vumbi la kiwanda cha betri alikofanya kazi, ambako mkurugenzi, Lukonge, alizima vichujahewa ili kubana matumizi ya umeme. Alizima huku akijua! Mahakama ikamwachia, Nyamizi akarudi nyumbani na mtungi wa oksijeni.

Basi akamfungua roboti wake, akafuta sehemu yote ya kuliwaza, akaweka maneno yake. Kila alipokufa, Mzoeshaji alimwambia mtoto, "Lukonge ndiye aliyeniua. Usimwachie." Hasira ilimpa Nyamizi nguvu ya kuamka, na tusidanganyane, ilikuwa tamu.

Jirani yao, Bi Chausiku, ni Mzaramo, mtani wa hawa Wanyamwezi. Msibani kazi yake ingekuwa kumkejeli marehemu mpaka wafiwa wacheke. Siku hiyo alikuja kujaribu mapema.

"Kabula, mama yako akifa matumbo yetu yatapona! Ule wali wake mbichi, loo!"

Kabula alimtazama tu. Bi Chausiku alicheka peke yake, akaishia njiani, akaingia chumbani kwa mgonjwa.

"Nyamizi, umemfanya nini mtoto? Siku ya msiba nitamchekesha nani?"

"Mtani, sitaki kicheko. Nataka Lukonge akose usingizi."

"Akose, mlaaniwa yule! Lakini wewe unaondoka. Mtoto atabaki na nini?"

"Atabaki na jina la Lukonge. Linatosha."

Kesho yake Lukonge mwenyewe akaja kumjulia hali mgonjwa, mkononi mfuko wa machungwa. Haya hana! Nyamizi akaamuru aingizwe chumbani. Kabula, aliyekwisha kulisikia jina la mgeni, akamletea maji, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Una mtoto? Anaitwa nani?"

"Ninaye, wa kike, rika lako."

"Ameshaanza mazoezi?"

"Mazoezi gani?"

"Ya wewe kufa."

Glasi ilimponyoka Lukonge, maji yakamlowesha suruali. Nyamizi, kitandani, alitaka kupiga vigelegele. Hiki ndicho alichokuwa akikisubiri miezi yote ile ya kukohoa damu!

Kisha akauona uso wa mwanawe. Kabula alikuwa akitabasamu, ametulia kabisa, anamtazama mgeni akitetemeka. Moyo wa Nyamizi ulipasuka. Alinyoosha mkono, akamwita kwa pumzi iliyobaki.

"Kabula, mwanangu, njoo. Njoo ulale hapa na mimi."

"Subiri, mama," alijibu bila kugeuka. "Hajaniambia mwanawe anaitwa nani."