Kiti cha Fundi

Fundi hakujua kutulia. Watu walishangaa mtu wa namna hiyo alivyochagua kazi ya kukaa. Siku nzima alikuwa nyuma ya cherehani yake, lakini hata hapo macho yalikuwa mlangoni, mdomo ukiongea, na miguu ikikanyaga pedali utadhani anakimbizwa. Mume wake alimwita Kiguu na Njia. Wateja walimpenda hivyo hivyo, maana nguo zao hazikuchelewa.

Kisha likaja jambo la kumkosesha raha zaidi. Mjukuu wake wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati, mdogo mpaka unaogopa kumshika. Hospitalini, mashine za kuwapasha joto watoto njiti zilikuwa mbili, na moja ilikuwa imeharibika. Mjukuu alilazwa katika ile nzima pamoja na mtoto wa mama mwingine. Watoto wote wawili walipona. Lakini Fundi hakusahau jinsi alivyosimama nje ya kioo, roho juu, akiogopa asije akaletwa mtoto wa tatu.

Mkunga wa wodi ile alikuwa rafiki yake. Siku moja alikuja dukani na habari.

"Tunaandaa msafara wa baiskeli," alisema. "Wa kuchangisha fedha za mashine mpya."

"Niandike," Fundi alisema.

"Wewe? Baiskeli unaijua?"

"Nitaijua."

Kila mteja aliyeingia dukani alibanwa. Atachanga au hachangi? Wengi walicheka, wakaahidi. Lakini waliweka sharti: watatoa akifika mwisho wa safari. Akiishia njiani, hawana deni naye. Fundi aliwakubalia wote bila kupepesa macho.

Alinunua baiskeli kuukuu. Rafiki yao mwingine, Msusi, ndiye aliyemshikia kiti nyuma alipokuwa akijifunza. Alianguka mara nyingi. Jambo moja lilimtia hofu: kusimama. Breki ikishikwa, ardhi inakuwa mbali, na mguu haujui uende wapi. Basi akaipeleka baiskeli kwa fundi baiskeli.

"Shusha kiti," alimwambia. "Nikikaa, nataka nyayo zote mbili zikanyage chini."

"Kwa kujifunza ni sawa," fundi baiskeli alijibu. "Ukishazoea, urudi tukipandishe."

Fundi alizoea. Hakurudi.

Marafiki hao watatu walifanya mazoezi asubuhi, kabla ya kuanza kazi zao. Mkunga alipanga siku za kuendesha na siku za kupumzika. Siku za kupumzika zilimwasha Fundi mwili mzima. Alijiona anaachwa nyuma. Basi alitoka peke yake kwa siri, akazunguka mtaa mpaka jasho limtoke. Tena alipenda gia nzito. Gia nyepesi aliidharau, kwa sababu miguu inazunguka sana na husikii kazi.

"Hiyo ni ya wavivu," alimwambia Msusi.

"Basi mimi ni mvivu, na nimekupita," Msusi alijibu, akampita kweli.

Goti la kulia lilianza kuuma taratibu. Kwanza lilimsumbua kwenye vilima. Kisha likamsumbua akishuka ngazi. Kisha hata akiinuka kwenye kiti chake cha kazi. Maumivu yalikuwa mbele ya goti, chini ya kile kifuniko chake. Fundi alijikaza kisabuni. Alifunga goti kwa kitambaa ndani ya suruali, akameza vidonge vya maumivu kila mara kabla ya kutoka. Hakumwambia Mkunga, maana alijua angemsimamisha.

Asubuhi moja walifika kwenye kilima kirefu. Katikati ya kilima, goti liligoma. Fundi alishuka, akainama, akajifanya anatazama mnyororo.

"Mnyororo umekukosea nini tena?" Msusi aliuliza. "Jana ulikuwa mnyororo, juzi mnyororo."

Fundi hakucheka. Alisukuma baiskeli hadi juu akiwa amenuna. Moyoni alikuwa na hofu, na hofu ile ilimtia hasira. Kama goti limekufa, mashine je? Na wale wateja wote atawatazama kwa jicho gani?

Siku hiyo hiyo, mtaalamu wa viungo alikuja dukani kuchukua suruali yake. Alikuwa akifanya kazi hospitali moja na Mkunga, akiwasaidia watu waliovunjika au kupooza warudi kutembea. Alimkuta mume wa Fundi amekaa mlangoni akisoma gazeti. Fundi aliinuka kuitafuta suruali, akashika meza kwa mikono miwili.

"Goti limeanza lini?" mtaalamu aliuliza.

"Goti gani?"

"Hilo unalolificha, shemeji."

Mume alishusha gazeti. "Mwambie, mama watoto. Jana ulishuka ngazi kinyumenyume kama kaa. Ulidhani sikukuona?"

Fundi akatapika yote: baiskeli, vilima, vidonge, kitambaa. Mtaalamu alimkalisha, akaligusa goti pande zote, akalikunja na kulinyoosha. Halikuwa limevimba wala halikukwama.

"Vidonge vinanyamazisha maumivu," alisema. "Sababu inabaki pale pale, na wewe unaendelea kuliumiza bila kusikia. Niletee hiyo baiskeli."

Baiskeli ililetwa. Aliitazama mara moja tu. Kisha akavuta kigoda kifupi kilichokuwa pembeni, akakiweka mbele ya cherehani.

"Na wewe, kaka, njoo ukae hapa. Kanyaga pedali."

Mume alikaa. Magoti yake yalipanda mpaka karibu na kidevu. Alianza kukanyaga huku akicheka.

"Ondoka hapo!" Fundi aliruka. "Kigoda hicho ni kifupi! Ukishona hivyo, magoti yatakuuma kabla hujamaliza pindo moja. Mguu unatakiwa upate nafasi ya kunyooka. Nimewaambia watu wangapi? Kwanza kiti, ndipo..."

Alikitazama kiti cha baiskeli yake. Mume wake naye alikitazama.

"Endelea," mtaalamu alisema. "Ulikuwa unatufundisha vizuri."

"Lakini nikikipandisha nitaanguka," Fundi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, si ya kawaida yake.

"Hutaanguka. Unaposimama, usibaki juu ya kiti. Punguza mwendo, teleza mbele utoke kwenye kiti, mguu mmoja ubaki kwenye pedali, mwingine ushuke chini. Nitakuonyesha."

Mtaalamu aliazima spana kwa mume. Fundi alipanda huku mume ameshika usukani. Aliweka kisigino juu ya pedali iliyokuwa chini kabisa. Mtaalamu alipandisha kiti mpaka mguu ukanyooka.

"Sasa kanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo. Unaona? Goti linabaki limekunjika kidogo tu. Hicho ndicho kimo chako. Na gia nyepesi si ya wavivu. Ukikanyaga gia nzito, mzigo wote unabebwa na goti. Kwenye kilima, badilisha gia kabla hujaanza kuhangaika."

"Nimeelewa. Kesho asubuhi nita..."

"Kesho utapumzika."

"Msafara uko karibu!"

"Bado kuna majuma kadhaa. Pumzika mpaka upande na kushuka ngazi bila maumivu. Nitakupa mazoezi ya kuimarisha mapaja. Kisha uanze na safari fupi za tambarare, uongeze kidogo kidogo. Mwili hupata nguvu ukipumzishwa baada ya kazi. Ila goti likivimba, likikwama, au likiuma hata umelala, uje hospitali upimwe. Usijitibu kwa vidonge."

Kupumzika kulikuwa kibarua kizito kuliko kilima. Fundi alifagia duka lililokwishafagiliwa. Aligombana na redio. Asubuhi alisimama dirishani akiwatazama Mkunga na Msusi wakipita, akauma midomo. Mkunga alipopata habari alimsema sana kwa kumficha maumivu yale, kisha akamkumbatia. Mume alificha ufunguo wa kufuli la baiskeli mfukoni mwake, akawa anatembea kwa maringo kama askari wa benki.

Taratibu goti likatulia. Fundi alijifunza upya kusimama, kwanza uani, kisha barabarani. Mguu ulijua njia ya kushuka.

Siku ya msafara, vijana walimpita wakipiga kelele. Damu ilimchemka, lakini hakuwafukuza. Kwenye kilima kile kirefu alibadilisha gia mapema, miguu ikazunguka haraka na kwa wepesi. Msusi alikuwa ameshuka kando ya barabara.

"Mnyororo?" Fundi aliuliza akimpita.

"Pumzi!" Msusi alijibu.

Langoni mwa hospitali watu walijaa. Binti yake alisimama mbele na mtoto mgongoni. Fundi alishika breki. Hofu ya zamani ilimpitia mara moja. Akateleza mbele, akashusha mguu mmoja, akasimama wima.

"Mama, kaa chini upumzike," binti alisema.

"Nimekaa tangu asubuhi, mwanangu. Nipe mtoto."

Wateja walitimiza ahadi, na wengine waliongeza. Mashine mpya ilipofungwa, Mkunga alimwita Fundi aje aione. Walisimama nje ya kioo kile kile. Katika ile ya zamani alilala mtoto mmoja, peke yake, amejinyoosha. Ile mpya ilikuwa tupu, imewashwa, ina joto, inasubiri.

"Haya, twende," Mkunga alisema. "Najua una nguo za watu."

"Ngoja kwanza," Fundi alisema. Akaendelea kusimama pale, ametulia kabisa.