Shemeji Alimtazama, Akasema Hamjui

Nina miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili, na ninakaa Keshero, hapa Goma. Ndugu wasomaji, siandiki ili mnionee huruma. Huenda kati yenu yuko anayemngoja mtu wake kama nilivyomngoja wangu...

Bwana yangu aliitwa Faustin. Sote tulitoka milima ya Masisi, naye aliuza fromaji, yaani jibini za huko, pale sokoni Birere. Mtu mpole, asiye na maneno mengi. Jumatatu moja alitoka asubuhi, na jioni hakurudi.

Nilipiga telefone yake mpaka ikazimika. Kulipokucha nikakimbilia kwa kaka yake mkubwa, Papa Aline, aliyemlea tangu wazazi wao wafariki. Akaniambia nitulie na watoto, mji ulikuwa mbaya siku zile, yeye angemtafuta. Na kweli alizunguka: polisi, hospitali, mpaka morge, pale wanapowekwa maiti. Aliporudi, chai yangu hakuigusa. Akasema hakumwona popote.

Baada ya muda akaja na habari nyingine. Eti Faustin ameonekana Bukavu, anaishi na mwanamke.

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Ndiye aliyetuletea unga tulipokosa! Maneno yakaenea mpaka kanisani. Wengine walinicheka. Binti yangu Esther akaacha kabisa kumtaja baba yake, na mimi, usiku na mchana, nilimlaani bwana yangu... nikaomba njaa imkute huko aliko.

Mwaka ukapita. Kisha jirani yangu, Mama Josué, ambaye kaka yake alipotea, akaniomba nimsindikize parokiani. Kulikuwa na watu wa kujitolea waliotafuta majina ya waliouawa na kuzikwa bila kujulikana. Kabla ya maziko walikuwa wamepiga foto: nguo, makovu, mikono, maana nyuso nyingine hazikutazamika. Nilikaa kando ya Mama Josué ili nimshike tu mkono.

Ikaja foto ya mguu. Vidole viwili vimeungana mpaka kwenye kucha. Miguu hiyo naiosha kila siku kwa Esther! Aliirithi kwa baba yake...

Nilianguka pale pale. Nilipopata fahamu, dada mmoja wa kundi lile, Chantal, alinieleza taratibu. Mtu huyo aliokotwa mtaroni, amechomwa visu, hana karatasi hata moja. Yeye Chantal alikuwepo pale morge alipokuja mwanamume mwenye jicho moja jeupe. Alisimama sana mbele ya maiti, akasema hamjui. Lakini alitoka akilia.

Jicho moja jeupe! Katika ukoo wetu ni mmoja tu mwenye jicho hilo: Papa Aline.

Nilikwenda kwake hivyo hivyo, na vumbi la sakafu ya parokia kwenye kitenge changu. Alikuwa uani, peke yake. Nilimwuliza kwa nini, wala hakukana.

"Nilimujua, Mama Esther," akasema. "Niliogopa. Kama ningesema ni mudogo yangu, bale bamemuua bangekuja kwangu. Niko na batoto."

"Na batoto yake?"

Yule mwanamke wa Bukavu, akasema, alimbuni ili niache kuulizauliza. Alidhani hasira ingeniuma kidogo kuliko msiba. Kidogo! Nilikuwa nimemlaani marehemu mwaka mzima!

Nikamwambia jambo moja tu: aende akaseme jina la mdogo wake. Alikataa. Nikaenda peke yangu, nikamtaja Faustin mbele ya polisi. Siku ya tatu Papa Aline akaja polisi mwenyewe, akathibitisha. Wauaji hawajulikani mpaka leo. Makaburini tulionyeshwa upande walikozikwa wasio na majina, lakini kaburi lake hasa hakuna aliyelijua. Tukasimamisha msalaba ukingoni, tukamlilia hapo.

Papa Aline ninamsalimu. Kumsamehe, bado... Mungu anisaidie.

Wasomaji wangu, mtu wako akipotea, nenda katazame kwa macho yako. Usimtume mwingine, hata kama anakupenda. Na wewe uliyemtambua wako ukanyamaza kwa hofu, ninakusihi, mtafute mtu mmoja unayemwamini umwambie. Wako wengi wamelala huku bila jina, na nyumbani kwao bado wanatukanwa kwa kutorudi.