Pikapu Nyuma ya Gari la Mikate

Magharibi ilikuwa inaingia dereva wa gari la mikate alipomlaza mkewe nyuma, katikati ya kreti tupu, ampeleke kujifungua. Kiti cha mbele alikaa kaka wa mkewe, mtu wa hasira za karibu.

"Kanyaga, shemeji! Dada yangu atatufia humu!"

Dereva hakukanyaga. Miaka kumi na minane barabarani ilimfundisha kuendesha kwa macho kabla ya miguu. Alitazama taa za breki za gari la nne mbele, akainua mguu mapema, akaacha nafasi. Waliochomekea kushoto na kulia aliwakuta kwenye taa nyekundu, wamenuna.

Ndipo pikapu nyeupe ikamganda nyuma. Honi moja ndefu, isiyokatika...

Puu!

Iliwagonga. Mkewe akapiga yowe. Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa garini.

Puu!

"Usimjibu," dereva alinong'ona. "Anataka tusimame."

"Mimi sichezewi!"

Foleni iliposimama, shemeji alichomoa spana ya magurudumu chini ya kiti, akaruka nje. Kwenye kioo cha pembeni dereva alimwona akivunja kioo cha pikapu. Mara moja. Mara mbili. Damu ikaruka.

Lakini nyuma ya usukani hapakuwa na mtu.

Lori likapita, likamziba. Lilipoondoka, pikapu haikuwepo. Mlango ukafunguka, shemeji akaketi, mikono imelowa damu hadi viwikoni.

"Umemfanya nini?"

Shemeji akaufunga mlango.

Foleni ikasogea. Ghafla mkono ule ukaudaka usukani, ukauvuta kuelekea watu waliokuwa wakivuka barabara.

"Kanyaga."

Sauti haikuwa ya shemeji.

Dereva alimtandika kiwiko cha pua. Mfupa ukavunjika, yule hata hakuguna. Akainama, akamng'ata begani, nyama ikachanika. Hasira zikampanda dereva, na vidole vile vikazidi kukaza. Akavuta pumzi. Akatazama mbele, gari la nne.

Vidole vikalegea.

Hapo akaelewa. Akaendelea hivyohivyo, damu ikimchuruzika hadi kiunoni: kuacha nafasi, kuinua mguu, kusubiri njia ifunguke. Kila alipotaka kulipiza, meno yalizama. Kila alipotulia, yaliachia.

Kwenye lango la hospitali aligeuka. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu.

Wakunga walimkimbiza mkewe ndani. Yeye bega lilikuwa bado linashonwa aliposikia mtoto akilia, na machozi yakamtoka.

Simu ikaita. Namba ya shemeji.

"Mwenye simu hii tumemkuta kwenye foleni, amekanyagwa kichwa na lori," alisema askari wa barabarani. "Spana bado iko mkononi. Waliomwona wanasema alikufa palepale. Hakuinuka tena."

Dereva akamgeukia muuguzi. "Sista... kuna mtu ameingia kwa mke wangu?"

"Mjomba wa mtoto? Amenawa mikono, ameingia kumpakata."

Alikimbia, sindano ikining'inia begani. Alimkuta mkewe peke yake, mtoto kifuani, mzima.

"Kaka katoka sasa hivi," mkewe alisema kwa uchovu. "Kamnong'oneza mtoto sikioni."

"Kamwambia nini?"

"Sikusikia." Mkewe akamtazama binti yake. "Ila mtoto... alicheka."