Watoto Wana Homa

Msimu wa harusi ulikuwa umepamba moto, na duka la sari pale soko la Chickpet lilijaa watu hata pa kukanyaga hapana. Mangala alikuwa amemtandazia mteja sari nyekundu yenye pindo la dhahabu, mara kijana mmoja mwenye shati lililopauka akapenyeza mkono na kuipapasa.

"Dada, hariri hii imechanganywa."

"Una macho vidoleni?"

"Vidole hivi vimekulia humo."

Mteja akaondoka zake. Mangala alimsindikiza yule kijana hadi mlangoni akimpa vidonge vyake, na kabla hajarudi ndani alikuwa ameshampa namba ya simu. Mapenzi hayana adabu.

Aliitwa Nanjunda, mtu wa Ramanagara, mwendo wa saa moja kwa treni. Alisema yuko kwenye hariri. Mangala akadhani anauza vitambaa, asiulize zaidi. Miezi minne walizungumza kila siku. Kisha baba yake Mangala akatoa neno: Jumapili Nanjunda aje kuposa, la sivyo jioni yake atamkubali mhandisi aliyeletwa na shangazi.

Jumamosi simu ikalia.

"Kipenzi, kesho siji."

"Unasemaje?"

"Watoto wana homa. Wote! Na hii ya nne ndiyo nzito. Kesho wanaamka, na mama peke yake hawezi kuwalisha."

Mangala akakata simu. Kumbe ana watoto, tena na mama yao! Alilia mpaka kope zikavimba.

Asubuhi alijua jambo moja tu: hataolewa na mtu yeyote kabla hajampasulia yule mwongo. Alivaa sari ya kijani, akachomeka kishada cha asumini kwenye nywele, akapanda treni hadi Ramanagara, akaulizia nyumba.

Nanjunda alifungua mlango, macho mekundu, vipande vya majani kichwani.

"Watoto wako wako wapi?"

"Polepole, ndiyo kwanza wanaamka. Vua maua kwanza."

Mangala aliganda. Kwao mwanamke huvuliwa maua siku anapofiwa na mume.

"Mkeo yumo ndani, halafu unataka mimi niwe mjane?"

"Mke gani?"

Mwanamke mwenye mvi akatokea na kikapu cha majani ya mforosadi. "Ndiye huyu? Karibu, mwanangu. Yatoe tu hayo maua, viwavi hawapendi harufu."

Mangala alichungulia. Vyano vilipangwa hadi darini, vimejaa viwavi weupe wa hariri wakitafuna, sauti yao kama mvua juu ya bati.

"Hawa ndio watoto?"

"Wakiacha kula ili wajivue ngozi, sisi husema wana homa. Hujivua mara nne. Mangala, kwani ulidhani..."

"Nilidhani una mke!"

"Sina. Namtaka huyu aliyesimama mlangoni."

Mangala alimwinamia mama yake Nanjunda, akamgusa miguu kwa heshima. Kisha akachomoa asumini, akakitundika kishada kwenye msumari wa nje, na kumpigia baba yake.

"Baba, mhandisi asije. Nimeshapata mume."

"Huyo wa Ramanagara? Mbona hajatokea?"

"Ana watoto elfu ishirini, wana njaa."

"Wangapi?"

"Njoo uwaone mwenyewe, baba. Ila usijipake marashi."