Hakuniambia Mbwa Wake Haumi

— Simama hapo hapo, dada! Usifungue geti!

Nikasimama. Mkono wa kulia ulishashika kopo la pilipili ya kupulizia mbwa, begi la barua nimelivuta mbele ya tumbo kama tunavyofundishwa kazini. Barazani alikuwepo mwanaume mrefu, ovaroli ya fundi wa mabasi imejaa grisi, na nyuma yake kwenye mlango wa wavu kilionekana kichwa cha mbwa aina ya pitbull, kikubwa kama tikiti maji.

— Anauma? nikauliza.

— Sijui.

— Hujui?

— Nimemchukua Jumamosi kwenye kituo cha mbwa waliookolewa. Siku nne tu. Mimi simjui vizuri, na yeye hanijui. Kaa hapo, barua nakuja kuzichukua mwenyewe.

Sasa nisikilizeni. Mimi Renita Tolliver nimegawa barua Detroit, upande wa mashariki, miaka kumi na sita. Kila mwenye mbwa ana wimbo uleule: "Usiogope, huyu haumi." Hata yule ambaye mbwa wake alinirarua shavu la mguu, nikashonwa nyuzi kumi na tisa, aliniimbia huohuo huku akitafuta ndala zake. Huyu wa ovaroli ndiye mtu mzima wa kwanza kuniambia "sijui". Nilikwenda nyumba ya pili moyo unadunda, na siwezi kumsingizia mbwa.

Jina lake Lamont Pettway. Wiki ileile alihamisha sanduku la barua kutoka ukutani hadi kwenye nguzo ya geti. Wiki iliyofuata akaniomba namba ya simu.

— Si ya kutongozea, akasema. Ni ya mambo ya Peaches.

— Peaches ndiye nani?

— Mbwa. Nataka nikutumie meseji kabla hujafika mtaani.

Basi kila siku saa tano asubuhi simu yangu ikawa inalia. "Peaches yuko chumba cha nyuma, milango miwili imefungwa. Pita salama." Siku nyingine: "Jana amefungwa uzazi. Amenuna, hataki hata kuniangalia." Siku nyingine: "Leo kwenye darasa la mbwa tumejifunza kukaa. Mwalimu anasema mwenye akili ni yeye, si mimi."

Mwezi wa tatu ikaja hii: "Peaches yuko chumba cha nyuma. Mimi niko barazani na samaki wa kukaanga. Mapumziko yako saa ngapi?"

Nikampigia.

— Wewe si ulisema namba si ya kutongozea?

— Nimemwomba ruhusa mwenye namba. Amekubali kwa mkia.

Nilicheka peke yangu kwenye gari la posta kama mwendawazimu. Samaki nilikwenda kuwala, na pilipili nyingi juu.

Tukapendana. Alinisimulia jinsi Peaches alivyokutwa amefungwa mnyororo uani kwenye nyumba iliyohamwa, mnyororo umeshaingia ndani ya shingo. Nilimwonea huruma, lakini kumgusa sikuweza, na Lamont hakunisukuma hata siku moja.

— Ukitaka miaka kumi usimguse, usimguse, alisema. Mimi sikupendi kwa sababu ya mbwa.

Tukawa tunazungumza habari za kuoana. Halafu ikaja Alhamisi moja ya Mei.

Meseji ilifika kama kawaida. Nilikuwa na kifurushi kisichoingia sandukuni, nikafungua geti nikiwa na amani kabisa. Nisichojua, dada yake Lamont, Yolonda, alikuwa amekuja kutoka Flint, na Lamont yuko bafuni. Yolonda akamtoa mbwa chumbani, "amwonee huruma kidogo", kisha akaniona na kufungua mlango wazi.

— Ingia tu, wifi yangu! Usiogope, haumi!

Peaches alipita katikati ya miguu yake kwa kasi. Nikarusha begi mbele, nikarudi nyuma, nikaangukia mkono kwenye saruji. Niliusikia mfupa ukivunjika. Nilipofumbua macho mbwa amesimama juu yangu, ananinusa, mkia unacheza. Hakuniuma. Lamont akatoka mbio bila viatu, akamshika kola, akamwingiza ndani, akafunga, ndipo akaja kunipigia magoti.

— Nisamehe, Renita. Usiusogeze mkono. Yolonda anaita gari la wagonjwa.

Hospitali wakanifunga mkono plasta, na bosi wangu akaleta fomu ya ajali kazini. Swali la nne: je, kulikuwa na mbwa? Mkataba wa nyumba aliyopanga Lamont ulisema tukio moja tu, mbwa aondoke. Na pitbull anayerudishwa kituoni akiwa na tukio kwenye jina lake, mara nyingi hatoki hai. Hilo nililijua vizuri.

Yolonda akapiga simu analia.

— Wifi, andika uliteleza. Hakukugusa hata kwa jino! Ukiandika mbwa, watamuua!

Yule mwenye mbwa aliyenirarua naye aliniomba hivyohivyo, kwa machozi. Nikamsubiri Lamont aje na ombi lilelile, na nilishajua moyoni kwamba akiliomba, nitamkubalia, na sitamwamini tena. Akaja, akavuta kiti.

— Umeshajaza fomu?

— Bado.

— Andika mbwa alitoka. Andika jina langu. Dada yangu sikumweleza utaratibu wa nyumba, kosa ni langu.

— Lamont, unajua watakavyomfanya?

— Najua.

Machozi yalikuwa yanamshuka, wala hakuyafuta.

— Lakini wiki ijayo kuna mwenzako atapita pale badala yako. Ana haki ya kujua. Na sitaki uanze kudanganya kwa ajili yangu kabla hata sijakuoa. Mwenye nyumba nimeshampigia. Amenipa siku thelathini za kumwondoa mbwa au kuhama naye.

Nikajaza fomu kwa mkono wa kushoto. Niliandika yote, na kwamba hakuuma, na kwamba mwenye mbwa alimrudisha ndani papo hapo.

Lamont akaanza kutafuta nyumba. Kila akipiga simu: "Mbwa wa aina gani?" Akisema pitbull, simu inakatwa. Watu walimshauri aseme ni chotara wa Labrador, mbwa wasioogopwa, kama mji mzima unavyofanya. Alikataa. Siku ya ishirini na mbili nilikaa jikoni kwangu, kwenye nyumba aliyoniachia mama, nikatazama ua wangu ulio mtupu. Bado nilimwogopa yule mbwa. Nikampigia hivyohivyo.

— Lamont, mlete kwangu.

— Nani?

— Mbwa. Na wewe uje naye, na nguo zako zote.

— Renita... unaniposa?

— Jibu, mkono unaniuma.

— Uzio wako una urefu gani?

Haki ya Mungu, nilitaka kukata simu! Mwanamke naposa, mwanaume anauliza uzio!

Jumamosi akaja na futi kamba. Alisukuma ubao mmoja mmoja, akaziba tundu nyuma ya gereji, akaweka kigeti mlango wa jikoni. Akanifanya nipige simu bima ya nyumba na kuwaambia aina ya mbwa bila kuficha. Alipomaliza akapiga goti kwenye tope.

— Sasa nakujibu. Ndiyo.

Tulifunga ndoa Septemba. Watu waliuliza kama Peaches atabeba pete.

— Hapana, Lamont akajibu. Watu wengi, muziki, watoto wanakimbia. Si haki kwake, wala kwenu. Yuko nyumbani na mfupa wake.

Kabla ya keki akanong'ona kwamba mbwa ameshafungiwa ndani kwa muda wa saa tano, anakwenda kumtembeza mara moja. Nikainua gauni, nikamfuata. Tulipofika mlangoni kwetu nikanyoosha mkono.

— Nipe kamba.

Akaniangalia sana.

— Shika kwa mikono miwili, akasema. Usiizungushe kiganjani.

Tukauzunguka mtaa, mimi na shela langu, Peaches mbele anatembea taratibu, Lamont ubavuni kwangu. Nikamshukuru Mungu kwa sauti pale pale barabarani, kwa ajili yao wote wawili.