Fimbo Niliyomwazima Bishar

Bishar alinilipia chakula Garissa ili apate kumwoa mchumba wangu kule kwetu Tarbaj.

Rudia kuisoma hiyo sentensi, ndugu yangu. Haina fumbo lolote.

Binamu yangu wa damu, mtoto wa kaka yake mama, alinipeleka mjini, akanishibisha nyama, akaniacha nimekaa juani kama sultani. Halafu akarudi nyumbani kumchukua Ramlo.

Ramlo wangu mimi...

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, mwaka wa Elnino. Waliokuwepo wanakumbuka. Wajir nzima ilikuwa maji. Mbuzi walikufa wamesimama kwenye matope. Njia ya Garissa ilifunga, ikafunguka kidogo, ikafunga tena.

Mimi na Ramlo tulikuwa tumebakiza harusi tu. Baba yake, Mzee Olow, alikuwa amekubali posa, na ngamia jike wa posa nilishampelekea. Tulisubiri mvua iishe.

Hapo ndipo Bishar alipokuja na ulimi wa asali.

"Waryaa Nunow, ukishaoa hutatoka tena," aliniambia. "Twende Garissa siku mbili. Tule vizuri, tulale kitandani kama watu, turudi."

Mama akauliza ni mwendawazimu gani anayekwenda kutembea mjini wakati njia inakufa. Bishar akamshika mkono, akamwita shangazi yangu mpenzi, akamwahidi atanirudisha nimenenepa.

Mama akacheka. Tukapanda lori la mifugo.

Asubuhi ya kwanza Garissa niliamka nikaona ajabu.

Jua!

Cheka tu. Garissa na jua ni kitu kimoja, wanafunzi hufundishwa hivyo. Lakini mwaka ule tulikuwa tumelisahau. Watu walitoa magodoro wakayatandaza juu ya nyua. Wanawake walianika mahindi yaliyoanza kuota ndani ya magunia. Wazee walikaa nje wamefumba macho, uso juu, kama mijusi.

Na chakula! Kwa Asli, mama wa Kiborana mwenye hoteli karibu na soko la mifugo, tulikula anjera na samli asubuhi, nyama ya ngamia na wali mchana, na maembe ya mashamba ya Tana, matamu mpaka unalamba kiwiko. Chai yake ya maziwa ya ngamia ilikuwa nzito, imejaa tangawizi.

Nilikula kama mtu anayejaza gunia. Bishar aliniangalia akitabasamu. Kila sahani ikiisha aliita nyingine.

Nilidhani ni mapenzi.

Kesho yake akaniambia anakwenda Dagahaley, kambi ya wakimbizi, kumsalimia jamaa yake mwenye duka. Atarudi upesi.

"Niazime fimbo yako," akasema. "Kule bado kuna matope."

Nikampa huku nikitafuna.

Hapa inabidi niwaeleze jambo. Fimbo ile ilikuwa ya marehemu baba. Kichwa chake kilipinda, shingoni ilifungwa waya wa shaba, na Tarbaj hakuna asiyeijua. Na kwetu wakati ule hatukuwa watu wa kalamu. Ukituma neno zito, mjumbe alibeba kitu chako, fimbo au tasbihi, kionekane. Anayefika na fimbo yako anasema kwa kinywa chako.

Nilijua hayo tangu utotoni.

Lakini shibe ni usingizi, ndugu zangu. Mtu aliyeshiba angempa mwizi ufunguo na kumuombea safari njema.

Bishar hakurudi. Jua likaendelea kuwaka. Mimi nikaendelea kula.

Mwishowe nikataka kumlipa Asli. Akausukuma mkono wangu.

"Chakula yako imelipwa."

"Mpaka leo?"

"Mpaka mwezi mpya. Ndugu yako alisema mvua itafunga njia, wewe usipate shida. Ndugu mzuri sana huyo."

Nilibaki nimesimama na pesa mkononi...

Tumekuja siku mbili. Kwa nini mtu anilipie mpaka mwezi mpya? Alijuaje kwamba sitatoka?

Nikaenda mbio kwenye malori. Dereva aitwaye Abdub, aliyekuwa akifunga mzigo, akanitazama kwa mshangao. Akasema yeye mwenyewe ndiye aliyempakia binamu yangu, si kwenda Dagahaley, kwenda Wajir. Alikuwa na marashi na kitambaa cha bibi harusi. Abdub alipomuuliza harusi ni ya nani, alicheka tu.

"Na fimbo?" nikauliza.

"Alilala nayo kifuani," Abdub akasema.

Nikaelewa yote palepale. Bishar alikuwa amehesabu mvua. Yeye apite, njia ifunge nyuma yake, mimi nibaki Garissa nikinenepa mpaka mambo yaishe. Hakuhesabu jua.

Abdub akatazama mbingu, halafu akanitazama mimi. "Mungu alimpa yeye njia," akasema. "Wewe amekupa jua. Panda."

Nilipanda.

Njia yote sikula. Lori likikwama, nilishuka kusukuma kuliko makuli wenyewe. Kila tulipopita mahali pakavu nilifikiria mgongo wa Bishar. Sitawadanganya kwamba nilimfikiria Ramlo. Nilimfikiria kidogo. Mgongo ule niliufikiria sana.

Nilifika Tarbaj mchana. Moshi wa nyama niliuona kabla ya nyumba.

Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya boma la Mzee Olow. Wazee wamekaa mikekani. Bishar katikati, nguo nyeupe, ananukia marashi. Na kando ya Mzee Olow, imechomekwa kwenye mchanga, fimbo ya baba yangu.

Watu wote wakanigeukia.

"Nunow?" Mzee Olow akasema polepole. "Si ulituma neno?"

Akaeleza mbele ya wote. Bishar alifika na fimbo, akasema nimepata mke Dagahaley, nimemwachilia Ramlo, na ili nyumba isiaibike yeye binamu yangu yuko tayari. Ramlo aliishika ile fimbo, akalia, akakubali. Nikahi ilikuwa imefungwa asubuhi ile.

Asubuhi ile!

Nikasema kwamba sikutuma neno. Nilimwazima fimbo tu.

Mzee Olow alishika kichwa chake. Wazee wakaanza kunong'ona. Bishar yeye hakutetemeka hata kidogo.

"Karibu chakula, binamu," akasema.

Kwa desturi hata adui akikuta karamu huketishwa kwanza, ugomvi hufuata. Wakaniketisha kwenye sinia la wazee. Sirad, mama mdogo wa Ramlo, akaja na birika la maji ya kunawa. Akamnawisha wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika kwangu akanipita, akamnawisha wa upande wa pili.

Maji yalinipita kama mimi ni mbwa!

Yaani hata maji wananinyima?

Wali ukaja, na nyama ya nundu juu. Mzee Olow akagundua mkono wangu ni mkavu, akaita maji.

"Sinawi," nikasema. "Sili mpaka nipewe haja yangu."

Wazee wote wakarudisha mikono mapajani.

Msiojua, sikilizeni. Kwetu mgeni akizuia mkono kwenye sinia, hakuna anayekula. Mwenye nyumba na wote walioketi karamuni lazima wamsikilize, na ni aibu kumnyima. Lakini haja ni moja tu. Ukishapewa imekwisha, huombi nyingine.

Kila mtu pale alijua nitaomba nini. Nitaomba talaka, maana nikahi ikishafungwa, hata kwa hila, mume ndiye huifungua. Bishar angemwacha Ramlo palepale kabla hajamgusa, kwa hivyo hata eda isingekuwepo. Nyama ile ile, turubai lile lile, ningefunga nikahi yangu kabla jua halijashuka.

Mzee Olow akageuka akatazama nyumba ya mikeka alimokuwa bintiye.

"Sema, mwanangu," akaniambia. "Hata kama ni lile, sema."

Nikafungua kinywa. Jina la Ramlo lilikuwa mlangoni mwa meno yangu, wallahi.

Bishar akaniinamia. Akauliza kwa sauti ya kusikika na wote:

"Niambie kwanza, Nunow. Asli alikushibisha? Maana nililipa vizuri."

Mtu mmoja akacheka. Mmoja tu.

Basi. Jina likarudi tumboni.

"Haja yangu ni hii," nikasema. "Nipewe fimbo yangu. Na Bishar alale kifudifudi hapa, mbele ya wageni wake, nimchape nayo mpaka mimi nichoke."

Mzee mmoja akaniomba nichukue haja nyingine. Akanitajia ngamia. Nikakataa. Mzee Olow aliniuliza kama nina hakika. Aliniuliza mara ya pili, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekuomba uamke.

"Nina hakika."

Akaing'oa fimbo mchangani, akanipa.

Nilimchapa Bishar. Sitajifanya mstaarabu: ilikuwa tamu kuliko chochote nilichokula Garissa. Kila pigo niliona sahani. Hii ya anjera. Hii ya maembe. Hii ya ile chai. Alipogeuza uso, moja ikampata mdomoni, jino likaruka kwenye mkeka. Fimbo ikapasuka kwenye waya wa shaba, nikaendelea na kipande.

Nilipochoka nilinawa mikono, nikala. Nyama ilikuwa imepoa.

Bishar akaketi. Nguo nyeupe haikuwa nyeupe tena. Mdomo umejaa damu, lakini mtu yule alikuwa anatabasamu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa...

Alinichokoza makusudi! Alijua hasira yangu tangu tukiwa watoto wa kuchunga. Alijua nina haja moja, akanifanya niitumie kwenye mgongo wake. Alimnunua mke kwa mgongo na jino.

Nikainuka niondoke. Sirad alikuwa amesimama na birika njiani kwangu.

"Unafikiri nilikupita na maji kwa dharau?" akasema. "Ramlo ndiye aliyenituma. Aliposikia sauti yako alisema, mwache mkono wake mkavu, akumbuke kuuzuia."

Nikageuka kuitazama nyumba ya mikeka.

Kutoka nyuma ya mikeka Ramlo mwenyewe akasema. Hakulia wala hakupandisha sauti.

"Mwache aende, mama mdogo. Aliulizwa anataka nini. Amesema."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyowahi kusikia kutoka kwake.

Wasomaji, sasa nina mvi na nimesimuliwa hadithi nyingi za kusamehe. Sikumsamehe Bishar. Nikimwona sokoni Wajir, kitu cha kwanza ninachotazama ni lile pengo mdomoni mwake, na moyo wangu unatulia. Leo akiinama mbele yangu na fimbo iko karibu, sijui.

Ila nawaachia hili. Mtu akikulisha bila sababu, uliza nani anakula kwako. Na ukipewa neno moja la kusema, usimpe adui yako.

Gharama yake ni hii.

Fimbo ya baba yangu, ilivunjika.

Ngamia wa posa, alibaki kwa Mzee Olow kwa sababu sikumuomba.

Ngamia mwingine wa fidia kwa Bishar, kwa sababu wazee walisema niliomba mgongo, sikuomba jino.

Mama yangu na kaka yake, hawakusemezana tena mpaka wakazikwa.

Ramlo.

Nilichopata: jino moja la Bishar.